Yai Lililomdhamini Asukile

Siku Asukile alipogundua kwamba yai la kuku linaweza kumpatia mtu cherehani, alikuwa amesimama mbele ya kaunta ya Mzee Saulo pale Mbeya, akitukanwa.

Hakutukanwa kwa makelele. Mzee Saulo alikuwa mwenye duka na mzee wa kanisa pia, na matusi yake aliyasoma kutoka kwenye daftari, kidole kikishuka mstari kwa mstari.

"Suruali ya kaki, mwaka hamsini na tatu. Shilingi ishirini. Ulilipa mbili. Taa ya chemli, hamsini na nne. Hukulipa hata senti ya utambi. Blanketi, mwaka jana, la kumzikia bibi yako."

"Marehemu bibi," alisema Asukile, akiinamisha kichwa kwa heshima.

"Marehemu bibi yako alinunua chumvi hapa jana."

Mtu mwingine angetafuta mlango. Asukile alitabasamu. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye suti moja na ulimi wa watu wanne, na kama maneno yangekuwa fedha huyu angekuwa analikodisha duka lile kwa Mzee Saulo mwenyewe.

"Ndiyo maana nataka kuanza upya, mzee. Cherehani ile ya miguu. Nitalipa kidogo kidogo."

"Kidogo kidogo ndiyo hasa inayokushinda," alisema Mzee Saulo, akafunga daftari.

Sasa usidhani Asukile alitaka cherehani kwa tamaa tu. Alikuwapo Damari, fundi wa nguo, aliyeshonea cherehani ya kukodi na kumpa mwenye mali nusu ya kila shilingi aliyopata. Asukile alimpenda Damari kweli kweli. Katika mambo yake yote hilo peke yake halikuwa na ujanja ndani. Na Damari alikwisha kumwambia waziwazi, sindano ikiwa mdomoni: "Maneno yako nimeyasikia miaka miwili. Hayavaliki. Niletee cherehani kabla ya Pasaka. Ukishindwa, Lutengano dereva wa lori keshapeleka ng'ombe wawili kwa baba."

Pasaka ilikuwa imebaki wiki tano.

Asukile alikuwa anageuka kuondoka ndipo akaingia mgeni, mtu wa kutoka huko Iringa, akaomba mablanketi mawili na debe la mafuta ya taa, alipe mwisho wa mwezi. Mzee Saulo akampa. Akampa na kiberiti juu yake!

"Unamfahamu huyu?" aliuliza Asukile mgeni alipotoka.

"Jina lake sijalishika. Lakini Jumapili kwenye mnada alinunua jogoo kwa shilingi kumi, mbele ya usharika mzima, akalipa palepale. Mtu asiyemdhulumu Mungu atanidhulumu mimi?"

Basi hapo. Hapo ndipo kichwa cha Asukile kilipopata moto.

Mnada huo kila mtu wa nyanda zile anaujua. Ibada ikiisha, wale wasio na fedha za sadaka hutoa walichonacho: mahindi, ndizi, kuku, hata yai. Vitu vinatolewa nje, mzee mmoja mwenye sauti anavinadi, na fedha inakwenda kwa Bwana. Tena mwenye moyo mkubwa akishanunua huweza kurudisha kitu kile kinadiwe upya, na watu humpigia vigelegele. Asukile aliuona mnada huo tangu utotoni na hakuwahi kununua hata ndizi moja. Leo ndiyo alielewa kwamba pale nje ya kanisa hawauzi kuku. Wanauza majina mazuri, na bei yake ni nafuu sana.

Mbeya jina lake lilikwisha kuoza. Akauza mwavuli wa babu yake, akapanda basi la Relwe, la shirika la reli, kwenda Iringa, na njia nzima alijifunza kutabasamu kama mtu mkarimu. Pale Nyololo alimjaribia tabasamu hilo mama mmoja muuza viazi, likamgharimu senti kumi. Alishuka Iringa akiwa na shilingi kumi na mbili na tai ya kuazima.

Alipanga kwa Mama Evarista, mjane wa Kihehe aliyekuwa na hoteli ya chai karibu na soko. Hoteli ni neno kubwa. Palikuwa na mabenchi mawili, jiko la kuni, na moshi. Moshi ule ulikuwa umemla macho yule mama, yakawa mekundu na ya kutoa machozi muda wote, hata ungefikiri ana msiba wa kila siku.

"Kamwene, mama," alisema Asukile.

"Kamwene, mwanangu. Chumba kipo. Kitabu cha nyimbo unacho? Kesho kanisani utakaa karibu nami unisomee."

Asukile akaandika moyoni: hajui kusoma. Kitu kama hicho hakumwachia Mungu peke yake akijue.

Jumapili ilipofika, aliyenadi alikuwa Bwana Filemoni, mwenye duka kubwa kuliko yote ya barabara ile, na dirishani mwa duka hilo Asukile alikwisha kuiona cherehani ya miguu, nyeusi, inang'aa. Mnadi mmoja, mkopeshaji mmoja. Nani kasema Mungu hawaoni wajanja?

Filemoni aliinua yai. "Yai la bibi kizee mmoja wa Idodi! Senti kumi, nani anaongeza?"

"Kumi na tano!" alisema mtu.

"Shilingi mbili," alisema Asukile, taratibu, kama anayeomba maji.

Watu wakageuka. Shilingi mbili zilikuwa fedha ya kuku mzima! Asukile akasonga mbele, akalipa, akalipokea yai kwa mikono miwili, akalirudisha. "Lirudi mnadani. Ni la Bwana." Vigelegele vikapanda hata mbwa wa jirani wakaanza kubweka. Jumapili ya pili akatoa shilingi nne, akarudisha tena. Kufikia Jumatatu watoto walimwita Bwana Yai, na wazee walimsalimia kwa kuvua kofia.

Tatizo likawa mfuko. Mfuko ulibaki na shilingi sita, na Filemoni, hata kwa mtu mwema, alitaka amana ya shilingi arobaini. Lakini mjanja wa kweli shida yake humletea wateja. Watu wakaanza kumjia kwa mlango wa nyuma, mmoja mmoja, wakinong'ona: yule fundi seremala aliyefungiwa na maduka matatu, yule mpishi aliyekunywa fedha ya baiskeli ya mkopo, na wengine. Wote swali lao moja: mtu akishachafuka, anafanyaje akopeshwe tena?

"Kuna mafunzo," alisema Asukile, akikuna kidevu. "Shilingi mbili. Si zangu, ni za karatasi."

Akawafundisha nyuma ya hoteli, kwa uso wa mchungaji. Kwanza, ukiingia dukani usiombe mkopo; uliza bei ya kitu kikubwa, kisha nunua kiberiti kwa fedha taslimu, utoke. Pili, usimkwepe unayedaiwa naye, msalimie wewe wa kwanza, umuulize hali ya watoto. Tatu, siku ya mnada uonekane. Ishirini walilipa. Wakaondoka wamenyoosha shingo, na Jumapili ya tatu walipokuja mnadani wote ishirini walitaka lile yai! Bei ikapaa mpaka shilingi tatu, nne, tano. Asukile hakutaja bei, aliwatazama tu wanafunzi wake wakimpandishia. Ndiyo hayo wahenga waliyosema: mjinga akierevuka, mwerevu yupo mashakani. Ila yeye wakati ule msemo huo hakuukumbuka. Alikuwa na arobaini mfukoni.

Jumatatu asubuhi akaiweka juu ya kaunta ya Filemoni.

"Bei ni mia tatu na themanini," alisema Filemoni. "Amana hii arobaini, inabaki mia tatu na arobaini. Ishirini kila mwezi, miezi kumi na saba. Jumamosi uje uichukue, nitakuwa nimeipaka mafuta. Kimebaki kitu kimoja tu. Mdhamini. Kwangu mdhamini analipa kwanza, maswali anauliza baadaye."

Asukile akarudi hotelini akawaza. Wanafunzi wake? Hao ishirini hawakuaminika hata na kuku wao. Mama Evarista akamwekea chai mezani.

"Una mawazo, mwanangu."

Akamweleza. Yule mama akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Mimi jina langu kwa Filemoni lina mstari mwekundu," alisema. "Marehemu mume wangu aliniachia madeni matatu na baiskeli isiyo na magurudumu. Nilimaliza kuyalipa mwaka juzi, senti kwa senti, lakini mstari haujafutwa. Kila nikiomba kukopa cherehani ya kukodisha niachane na huu moshi, ananionyesha mstari. Ila nyumba hii ni yangu. Kwa dhamana ya nyumba atanikubali. Nitakudhamini."

Kwa kitambo kidogo Asukile alihisi kitu kinamchoma kifuani. Alijua Jumapili atakuwa Mbeya na cherehani, na Filemoni atakuja kugonga mlango huu huu. Akanywa chai, na kile kitu kikashuka nacho.

"Mungu akubariki, mama," alisema.

Jioni hiyo alimwandikia Damari barua, na kwa kuwa alijisikia mshindi, akaandika yote. Jumamosi nachukua cherehani. Jumapili tuko pamoja, na Lutengano akachunge ng'ombe wake. Usiogope deni, mpenzi. Yuko bibi mmoja muuza chai, hajui hata a, huyo ndiye mdhamini wangu na nyumba yake. Atakamuliwa yeye, pole yake. Akaibandika bahasha kwa mate, akampa Mama Evarista aipeleke posta asubuhi akienda sokoni.

Ndugu yangu, mwongo asipumzike kamwe. Akipumzika tu, anasema kweli kwa maandishi.

Jumanne mchana Mama Evarista alikuja na karatasi na kalamu. "Mwanangu, na mimi nifadhili. Sasa una jina. Niandikie kwamba unanidhamini kwa Filemoni, nikachukue sukari na mafuta ya taa."

"Ratili ngapi za sukari?"

"Aa, ukitaja ratili ataniletea maswali. Andika tu kila nitakachochukua. Tena weka maneno mazito, yule bwana anapenda maneno."

Maneno mazito! Umwambie samaki aogelee. Asukile alikunja mikono ya shati akaandika kwa mwandiko wa kulala, wenye mikia: Mimi, Asukile, mtu mwenye akili timamu, namdhamini Mama Evarista kwa kila kitu atakachochukua dukani, kikubwa au kidogo, bila swali, na amana yangu yote iliyomo humo iwe yake endapo ataihitaji. Akatia sahihi yenye duara tatu. Alicheka moyoni, kwa maana Jumamosi amana ile ingekwisha kugeuka cherehani na yeye angekuwa vumbi la barabarani. Karatasi ni karatasi.

"Ni nzuri?" aliuliza Mama Evarista.

"Mama, hata mimi ningejikopesha."

Jumamosi akaenda kwa kinyozi, kwa mkopo. Mtu hawezi kwenda kuposa na nywele za wiki tano. Saa tatu, sanduku mkononi limefungwa kamba, harufu ya sabuni ikimtangulia, akaingia kwa Filemoni.

"Bwana Yai! Kamwene!"

"Kamwene sana. Nimekuja kuchukua mzigo wangu."

Filemoni akamtazama, akatazama dirishani. Asukile naye akatazama. Dirishani palikuwa na alama nne za miguu ya cherehani kwenye vumbi, basi.

"Mama Evarista hajakwambia?" alisema Filemoni. "Ameichukua leo, duka lilipofunguliwa, kwa mkokoteni. Nikamwambia mama, mstari mwekundu huu. Akatoa karatasi. Lo! Nimefanya biashara miaka ishirini, sijapata kuona mtu akidhaminiwa namna hii." Akaifunua juu ya kaunta. "Kikubwa au kidogo. Bila swali. Na amana yangu yote. Nimeisoma mara mbili kwa utamu tu. Mwandiko mzuri sana."

Asukile aliutazama mwandiko wake. Mikia ile yote ilikuwa imemgeukia yeye.

"Na yangu?" alisema.

"Nyingine inakuja baada ya Pasaka, lakini hiyo utachukua ukishamaliza hii. Mdhamini analipa kwanza, si unakumbuka? Na usihofu kama una safari. Nimekusifia kwa barua kwa wenzangu wote wa barabarani, Makambako, Njombe, Nyololo. Popote utakaposhuka, wanakujua."

Asukile alikimbia. Sanduku lilimpiga magotini njia nzima. Kabla hajafika hotelini aliisikia cherehani, inakwenda mbio, mshono mmoja mrefu usiokatika, na akaijua ile miguu kwa mlio tu, kwa maana alikuwa ameisikiliza miaka miwili akiwa mlangoni pa fundi mmoja tu. Jiko lilikuwa limezimwa. Kibarazani, mbele ya cherehani nyeusi inayong'aa, alikaa Damari.

"Umenyoa," alisema Damari bila kuinua macho. "Umependeza."

"Damari! Umefika lini?"

"Jana jioni. Nimelala kwa jirani. Barua yako niliipata Alhamisi." Akakata uzi kwa meno. "Na ndani yake kulikuwa na kikaratasi cha mama huyu. Kinasema, mwanangu, huyu bwana anakuletea cherehani kwa kuuza nyumba yangu. Cherehani nitakuwa nayo mimi, na mimi kushona sijui. Natafuta fundi, nusu kwa nusu ya faida. Njoo."

Mama Evarista alitokea mlangoni. Puani alikuwa na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja.

"Lakini wewe hujui kusoma!" alipiga kelele Asukile. Alikuwa na uchungu wa kweli, kama mtu aliyedanganywa.

"Nani alikuambia? Nimefundisha watoto kusoma pale misheni miaka sita. Nilisema unisomee. Moshi unaniumiza macho na miwani inaniteleza." Akaivua, akaifuta. "Bahasha yako ya mate ilifunguka njiani, nikaisoma barua nje, juani. Ile sehemu ya pole yake niliisoma mara tatu, mwanangu. Ilinichoma sana. Nilikuwa nimekupikia wali siku ile."

Asukile alifungua mdomo. Ulimi wa watu wanne, na aliyekuwa nyumbani alikuwa mmoja tu.

"Naona aibu, mama," alisema, na ajabu ni kwamba alikuwa anaiona.

"Vizuri. Aibu haina malipo ya kila mwezi. Deni linayo. Ishirini, kwa miezi kumi na saba."

"Na hii," alisema Damari, akitoa bahasha kifuani. "Mzee Saulo alisikia nakuja huku. Anamwomba Bwana Filemoni, kwa kuwa sasa unaaminika, amkusanyie na ya kwake. Suruali, taa, na blanketi la bibi. Bibi anakusalimu."

"Nitalipa na nini? Sina kazi!"

"Filemoni anatafuta karani wa kusimama kaunta," alisema Mama Evarista. "Anasema mwenye ulimi huo atauza hata mawe. Mshahara utapitia kwenye daftari lake kwanza."

Asukile akakaa juu ya sanduku lake. Kisha akauliza lile moja alilotaka kujua tangu alipoingia. "Na Lutengano?"

Miguu ya Damari ilisimama. "Nimemwambia baba arudishe ng'ombe. Nilimtaka mtu wa kuniletea cherehani, na cherehani ninayo. Simhitaji yeye, wala wewe." Akaingiza kitambaa chini ya sindano. "Lipa miezi kumi na saba yote, bila kuruka hata mmoja. Mwezi wa kumi na saba ukiisha njoo na daftari, nilisome kwa macho yangu. Hapo tutazungumza."

Kulikuwa na basi la kwenda Mbeya kesho yake saa nane. Asukile alizihesabu fedha zake usiku kucha: shilingi sita, nauli kamili. Angeshuka pasipo wenye maduka, angebadili jina. Alikuwa ameshabadili jina mara mbili maishani, halikuwa jambo la kuumiza.

Lakini kwanza ibada. Alikwenda kwa kuwa mtu akikosekana ibadani anatafutwa mapema. Ilikuwa Jumapili ya Mitende. Nje ya kanisa Filemoni alipanda juu ya jiwe, akanadi ndizi, akanadi kuku, kisha akainua yai. Wanafunzi ishirini wakarukia: mbili, tatu, tano! Halafu, kama vile wameambiana, wakanyamaza, na usharika wote ukageuka kumtazama Bwana Yai. Upande wa akina mama alisimama Mama Evarista na miwani yake, na pembeni yake Damari, mikono kifuani. Damari hakutabasamu. Alikuwa anatazama tu, kama anavyotazama mshono kabla hajaamua kama aufumue.

Asukile aliingiza mkono mfukoni. Akazishika shilingi sita, akazizungusha. Sauti ya basi ilisikika mbali, likipasha moto.

"Shilingi sita," alisema.

Vigelegele! Akasonga mbele, akahesabu fedha mkononi mwa Filemoni mpaka ya mwisho.

"Na lirudi mnadani, Bwana Asukile?" aliuliza Filemoni, keshalinyanyua juu. "Kama kawaida yako?"

"Hapana, lete hapa," alisema Asukile. "Mama Evarista amezima jiko, na mimi sijala tangu jana."